Kikombe cha elfu kumi na hesabu yake

Swali: "Ninaishi Morogoro, nimeajiriwa ofisini. Nimejifunza ufinyanzi wa gurudumu siku za mwisho wa wiki, na vitu vyangu navichoma kwenye tanuri la mwalimu wangu kwa kumlipa. Vikombe nauza shilingi 10,000. Marafiki wananunua, majirani wanasema bei ni ya kitalii. Sasa duka moja la Dar es Salaam linataka vikombe 60, wao wabaki na asilimia 40 ya bei. Akiba yangu inatosha kununua tanuri dogo la umeme. Bibi yangu alifinyanga vyungu maisha yake yote, akachoma kwa nyasi na kuni, hakuwahi kuhitaji tanuri. Je, niache kazi, ninunue tanuri? Na mbona mikono ya vikombe vyangu inapasuka pale inapoungana na kikombe?"

Dada, kazi usiache kwanza, na akiba usiiguse mpaka umalize kusoma hapa. Si kwamba ufinyanzi haumlishi mtu. Unalisha, mimi mwenyewe umenilipia kodi ya nyumba na ada za watoto. Ila barua yako inataja gurudumu, tanuri na bei, na hakuna mahali umetaja kikombe kimoja kinakula muda gani tangu udongo mbichi mpaka kufungwa kwenye karatasi kumfikia mteja. Muda huo ndio utakaokuambia kama utaishi kwa kazi hii.

Nianze na mikono inayopasuka, maana inaonyesha vizuri muda wa mfinyanzi unakwenda wapi.

Kikombe kikitoka kwenye gurudumu, mdomo hukauka kwanza na kitako mwisho. Mkono ni mwembamba, hewa inaupata kila upande, kwa hiyo unakauka haraka kuliko ukuta ulioshikiliwa nao. Udongo ukikauka husinyaa, na ukichomwa husinyaa tena. Kwa udongo mwingi wa vikombe, jumla ni kama asilimia 10 hadi 12. Mkono ukiwahi kusinyaa wakati ukuta bado una maji, wawili hao wanavutana, na panapoachia ni pale pale penye kiungio. Wakati mwingine ufa hauonekani mpaka kikombe kitoke kwenye tanuri, ndipo mtu analilaumu tanuri bure.

Dawa yake ni subira na kifuniko. Ngoja kikombe kifike hatua ambayo ukikibonyeza kwa kidole gumba hakibonyei, lakini ukikigusisha shavuni bado unasikia ubaridi wa maji. Mkono nao uvute mapema kidogo, uukunje, uuache ushike umbo mpaka unyevu wake ukaribiane na wa kikombe. Chana sehemu zote mbili kwa uma wa zamani, paka uji wa udongo ule ule, kisha bana mpaka uji utoke pembeni, uufute kwa brashi yenye maji kidogo. Halafu funika vikombe vyote pamoja kwa karatasi la nailoni, lile la kufungia magodoro mapya (mifuko imepigwa marufuku tangu 2019, lakini wauza magodoro bado wanatusaidia). Viache vimefunikwa usiku mzima, unyevu ugawane sawasawa, ndipo uanze kufunua kidogo kidogo. Msimu wa upepo mkavu hata siku mbili si nyingi. Na kama ufa uko chini kitakoni, umepinda kama herufi S, hapo kosa si kukausha peke yake: hukukandamiza kitako vya kutosha ulipokuwa ukifungua udongo kwenye gurudumu. Pita na kidole au ubao mdogo kutoka nje kuja katikati mara kadhaa kabla hujaanza kuvuta ukuta.

Umeona jinsi maelezo ya mkono mmoja yalivyokuwa marefu? Sasa twende kwenye hesabu.

Chukua mfano wa vikombe 40, mzigo mmoja wa tanuri la wastani. Kwenye gurudumu, mtu mwenye uzoefu wa kati anakimaliza kikombe kwa dakika nne hivi, kwa hiyo vyote vinakula saa tatu kasoro. Hizo dakika nne ndizo jirani yako anazoziona kwenye video, ndiyo maana anashangaa bei. Kuna kukanda na kupima udongo, saa moja na nusu. Kuchonga vitako, saa tatu. Mikono, saa tatu na nusu, na hapo hujazembea. Kupanga na kupakua uchomaji wa kwanza, saa moja na nusu. Kuchanganya glezi (ule uji unaoyeyuka motoni ukawa ngozi ya kioo juu ya chombo), kuchovya na kufuta vitako, saa tatu na nusu. Kupanga na kupakua uchomaji wa pili, saa mbili. Kusugua vitako visikwaruze meza, saa moja. Kurudisha mabaki ya udongo na kusafisha, saa mbili. Kisha kupiga picha, kujibu meseji, kufunga na kupeleka kwenye basi, saa tano, na wala sijatia chumvi. Ukijumlisha ni saa 26 kasoro kidogo. Tuseme 26.

Vikombe 40 havitoki 40. Kimoja glezi imetiririka ikakishika na rafu, kingine kina kitundu, kingine kimepinda mdomo. Tuseme 35 vinauzika kwa bei kamili. Maana yake kila kikombe kinachouzika kimekula karibu dakika 45 za maisha yako.

Fedha nazo. Hizi ni tarakimu za mfano, weka zako badala yake: udongo kilo 18 kwa 18,000, glezi 20,000, umeme wa michomo miwili 33,000, akiba ya kubadilisha koili za tanuri 15,000, sehemu ya kodi ya chumba 40,000, karatasi na maboksi 14,000. Jumla 140,000. Gawa kwa 35, unapata 4,000 kwa kikombe kabla hujajilipa hata senti. Ukijilipa shilingi 5,000 kwa saa, saa 26 ni 130,000, yaani 3,700 na kidogo kwa kikombe. Kikombe chako kinakugharimu karibu 7,700.

Kwa hiyo 10,000 mkononi kwa rafiki ni bei ya halali, na jirani umsamehe. Dukani ni habari nyingine. Duka likibaki na asilimia 40, wewe unapata 6,000. Vikombe 60 ni 360,000. Gharama za fedha taslimu zinakula 240,000, zinabaki 120,000 za kulipia saa 45 za kazi, ambazo ni kama 2,700 kwa saa. Hapo ndipo ule msemo wa kwamba mfinyanzi hulia gaeni unapopata maana yake. Asilimia 40 yenyewe si dhuluma, maana duka lina kodi, muuzaji na taa. Tatizo ni bei yako, ambayo haikuwekwa ikijua kuwa siku moja kutakuwa na mtu katikati. Bei inayoweza kubeba duka inaanzia 13,000, na mimi ningesema 14,000, ambapo unabaki na 8,400. Ukishaipandisha dukani, nyumbani nayo iwe hiyo hiyo. Mteja akigundua kwamba kwako anapata kwa 10,000 kile alichokiona dukani kwa 14,000, duka halitakuagiza tena, na litakuwa na haki.

Kisha jiulize swali ambalo wanafunzi wangu hulikwepa. Ukiwa peke yako, ukikausha kwa utaratibu, mizigo mitatu ya namna hii kwa mwezi ni kazi ya kutosha. Hiyo ni vikombe 105. Je, una wanunuzi wa vikombe 105 kila mwezi, Januari ya ada ikiwemo? Kama hawapo, si aibu. Wafinyanzi wengi wenye karakana ndogo, hapa na Ulaya, hawaishi kwa vikombe peke yake. Wanafundisha, wanachukua oda za hoteli na mikahawa, wanachomea wengine kwa malipo kama mwalimu wako anavyokuchomea wewe. Darasa la watu sita Jumamosi asubuhi linaweza kuleta faida kuliko mzigo mzima wa tanuri, na halipasuki mkono.

Tuje kwenye tanuri. Wauzaji watakuambia lita na nyuzi joto. Wewe uliza umeme. Tanuri la kama lita 100 linalofika nyuzi 1,240 za Selsiasi linataka kilowati 6 hadi 9, na mengi ya ukubwa huo yameundwa kwa umeme wa njia tatu. Nyumba yako ina njia moja, bila shaka, na kubadilisha kuna gharama zake za TANESCO na za fundi wa waya. Hilo liingize kwenye bei ya tanuri tangu mwanzo.

Kubwa zaidi ni umeme mdogo. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti: volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, joto halipungui kwa asilimia 13 kama mtu anavyodhani, linapungua kwa karibu robo. Tanuri lililoundwa kufika 1,240 linaweza kukwama kwenye 1,180, likanguruma usiku kucha, uniti zinakwenda, glezi haiyeyuki. Kabla hujalipa, pima volti za nyumbani kwako jioni, saa mbili hadi saa nne usiku, wakati mtaa mzima umewasha pasi na majiko. Pima siku kadhaa. Kama zinashuka sana, ama uchome usiku wa manane, ama uagize koili zilizopimwa kwa volti zako halisi. Stabilaiza ya kubeba kilowati 8 si kile kiboksi cha friji. Uliza bei yake ukiwa umekaa.

Umeme ukikatika katikati ya uchomaji wa kwanza, mara nyingi hakuna hasara, unaanza upya. Ukikatika kwenye uchomaji wa glezi karibu na kilele, inategemea. Kinachoharibu ni mwenye tanuri kufungua mlango aangalie. Karibu nyuzi 573 chembe za kwatzi ndani ya udongo hubadilisha umbo ghafla, zinapopanda na zinaposhuka, na chombo kilichopigwa na upepo wa baridi hapo hupasuka kwa sauti unayoisikia ukiwa nje. Tanuri lishuke lenyewe chini ya nyuzi 100 ndipo uguse komeo. Asubuhi yake utakuwa na hamu ya kufungua. Nenda kanywe chai.

Ukifuata ushauri wangu, endelea kumlipa mwalimu akuchomee mpaka ujaze tanuri lake kwa vitu vyako peke yako mara mbili kwa mwezi, miezi sita mfululizo, na viuzike. Wakati huo tanuri lako litakuwa limeshajilipia kwenye daftari kabla halijaingia nyumbani. Karakana zinazofungwa mapema, nilizoziona, hazikukosa vipaji. Zilinunua tanuri kwanza, kisha zikaanza kutafuta wa kumuuzia.

Umemtaja bibi yako, na umemtaja kama hoja. Hoja hiyo nusu yake ina ukweli. Mchomo wa wazi wa nyasi, kuni na samadi hufika nyuzi 600 hadi 900 hivi, na unamalizika kwa saa chache. Chungu kinachotoka humo kina vitundu vidogo mno ukutani, na udongo wake bibi aliuchanganya na mchanga au vigae vilivyotwangwa. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyokifanya kivumilie mafiga: kikipata moto upande mmoja kinatanuka bila kupasuka. Mtungi wake ulipoza maji kwa sababu maji yalijipenyeza ukutani yakawa mvuke, yakaondoka na joto. Kikombe chako kilichochomwa nyuzi 1,240 kimeziba, hakipitishi maji, kinaoshwa kwa sabuni bila kunuka, lakini kiweke juu ya jiko la mkaa uone. Kila kimoja kina kazi yake. Ila kwa kikombe chenye glezi, moto wa nyasi haufiki. Huwezi kutaka kikombe cha glezi ukakichoma kwa njia ya bibi ili uokoe bei ya tanuri.

Nusu ya pili ya hoja: bila shaka bibi hakuishi kwa vyungu peke yake. Alilima. Vyungu alifinyanga msimu wa kiangazi, udongo ukikauka vizuri na kuni zikiwa kavu, akauza au akabadilishana kwa nafaka. Hivyo ndivyo kazi hii ilivyoendeshwa sehemu nyingi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hufinyanga kwa mkono, bila gurudumu la kukanyaga, na vyungu vyao hupelekwa kwa mtumbwi kuuzwa soko la Lyulilo, Matema. Ukienda Kyela siku ya soko, tazama jinsi vyungu vinavyofanana kimo na mdomo, bila kipimo chochote isipokuwa mikono. Hiyo ndiyo shule ninayokutakia: umbo moja, mara nyingi.

Na kama damu ya bibi inakuvuta, kuna njia isiyohitaji glezi kabisa. Mfinyanzi Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusoma sanaa, kisha katikati ya miaka ya 1970 akaenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wafinyanzi wa kike pale, Ladi Kwali akiwa mmoja wao, yule ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Vyombo vya Odundo vinajengwa kwa mkono, vinasuguliwa mpaka vinang'aa bila glezi, vinachomwa vikawa vyekundu, na vingine vinachomwa tena kwa kunyimwa hewa vikawa vyeusi. Viko kwenye makumbusho makubwa, British Museum ikiwemo. Sikuambii uende huko kwa sababu ya umaarufu. Nakuambia kwa sababu hesabu yake ni nyingine: vyombo vichache, muda mwingi kwa kila kimoja, mnunuzi anayenunua sanamu na si kikombe cha chai. Huwezi kuwa na hesabu mbili kwa wakati mmoja ukiwa bado una bosi ofisini. Chagua mojawapo kwa mwaka mmoja.

Nina maneno machache kuhusu afya, na hapa sibembelezi. Udongo mkavu una vumbi la silika, na vumbi hilo likiingia mapafuni miaka na miaka halitoki. Usifagie karakana kikavu. Futa kwa kitambaa chenye maji, deki kila jioni, vaa barakoa ya kuzuia vumbi unapochanganya unga wa glezi, na usikaushe udongo kwenye chumba wanapolala watoto. Glezi za vyombo vya chakula zinunue zenye maandishi kwamba hazina risasi, ile metali yenye sumu. Unga wa bei ya chee usio na lebo uuache dukani. Watu wetu wanakunywa chai ya ndimu, wanaweka achari na ukwaju kwenye bakuli, na asidi ndiyo inayoichomoa risasi kutoka kwenye glezi. Unaweza kuloweka kikombe nusu kwenye siki usiku mzima: kama rangi imefifia mahali siki ilipofika, glezi hiyo si imara, isitumike ndani ya kikombe. Lakini jaribio hilo halikuambii lolote kuhusu risasi. Risasi inapimwa maabara.

Udongo wa kuchimba mwenyewe ni kishawishi kizuri kwa mtu wa Morogoro mwenye mito jirani. Jaribu, lakini upitishe kwenye chekecheo laini ukiwa uji. Kipande cha chokaa kidogo kama punje ya mtama kikibaki ndani, moto unakigeuza, na wiki kadhaa baadaye, kikombe kikiwa kabatini kwa mteja, kinavuta unyevu, kinavimba na kurusha kigae cha ukuta. Kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe, inafaa kuchanganya kwenye glezi na kupaka rafu za tanuri zisishikane na vyombo.

Kuhusu kuonyesha kazi yako mitandaoni: video za gurudumu zinapendwa sana, na wanaozipenda hawanunui. Anayenunua anataka kujua kikombe kinajaa kiasi gani, kinashikwaje, kinaingia microwave au hakiingii. Piga picha karibu na dirisha asubuhi, kikombe kimeshikwa mkononi na chai ndani. Andika mililita. Vyenye dosari ndogo usivifiche wala usivivunje. Viweke siku moja ya mauzo nyumbani, kila miezi mitatu, kwa nusu bei, na uonyeshe dosari kwa kidole kwenye picha. Siku hizo ndipo wanafunzi wa darasa lako watapatikana. Na ukipata glezi nzuri, mpe mwenzako kanuni yake. Ataichoma kwenye tanuri lake kwa udongo wake, na itatoka tofauti na yako.

Duka la Dar es Salaam usiliache likajibu lenyewe kwa kukaa kimya. Andika wiki hii. Waambie bei ya rejareja ni 14,000 na utawaletea vikombe 24 vya aina moja, si 60, baada ya wiki sita. Waulize kama wananunua moja kwa moja au ni mali kauli. Wakisema mali kauli, omba karatasi yenye tarehe ya kufanya hesabu kila mwezi, na nani analipa kikivunjika rafuni kwao. Wakikubali, toa 24, na uandike kila saa uliyotumia kwenye daftari la shule, ukianzia na kukanda. Wakikataa 14,000, hujapoteza mteja. Umeokoa saa 45.